Goti, Nyonga au Mgongo Uliouma Miezi: Namna ya Kuamua Kabla ya Kusaini Oparesheni

Siku ya kliniki ya mifupa hapa Mbeya, benchi linajaa kabla ukungu haujainuka Loleza. Kuna waliotoka Ilembo na Isongole alfajiri, na waliotoka Makete wakalala kwa ndugu Mwanjelwa. Karibu kila mmoja ana bahasha ya eksirei mkononi, na ukimsogelea swali ni lile lile: "Nimeambiwa mfupa umesagika. Nikafanyiwe oparesheni?"

Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, kisu si changu. Ninawaona wagonjwa kabla hawajapasuliwa na ninawapokea wakishapasuliwa, kwa hiyo najua nani alitabasamu miezi sita baadaye na nani alijuta. Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye maumivu yake yamepita miezi mitatu. Hapo ndipo kitabibu yanaitwa sugu. Aliyevunjika jana kwenye bodaboda asisome hapa, aende hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna kinachowaka ndani

Kabla ya kuwaza mazoezi wala oparesheni, jikague kwa haya. Mgongo unauma, halafu umepata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila habari, choo kubwa haikuambii inakuja: hiyo ni dharura ya leo, hata kama ni saa nane usiku. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na kila saa inayopita inakula nafasi yako ya kupona. Usisubiri siku ya kliniki. Goti au nyonga iliyovimba ghafla, ya moto, na mwili una homa, nayo ni ya siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unaharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu.

Kuna kundi la pili ambalo halipigi kelele. Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku, yasiyopoa hata ukilala, pamoja na kukonda, jasho la usiku na homa za jioni. Huku kwetu hilo ni jambo la kulitazama kwa macho mawili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, na TB hupenda kutembea na VVU. TB ya mgongo huanza kama "mgongo wa kazi", mtu anachuliwa na kufungwa mkanda, na siku anapofika hospitali pingili zimeshabonyea na kibyongo kimetokea. Dawa za TB zinatibu wengi bila kisu, ila zianze mapema. Kwa wafugaji wa Usangu na yeyote anayekunywa maziwa mabichi, mkumbushe daktari pia ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, maana kwa binadamu hushika mgongo na nyonga. Mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya mgongo na shida ya mkojo apimwe tezi dume.

Na kijana wa miaka 35 mwenye nyonga inayouma, anayechechemea? Usimwambie "umri". Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu. Wanaopata hayo zaidi ni wenye VVU, wanywaji wakubwa wa pombe, na waliotumia dawa za aina ya deksamethasoni au prednisoloni kwa muda mrefu. Akiwahiwa kuna ya kufanya. Akichelewa, kichwa hubonyea na mazungumzo yanabaki ya nyonga bandia.

Hatua ya 2: Andika unachoshindwa kufanya

Daktari atakuuliza: maumivu ni ngapi kati ya kumi? Jibu, lakini namba hiyo peke yake haiamui kitu. Nunua daftari dogo, andika wiki mbili: unatembea umbali gani kabla ya kusimama, unaamka mara ngapi usiku, ni kazi zipi umeziacha, umemeza vidonge vingapi. Kisha andika mambo matatu unayotaka kuyafanya tena. Yawe ya kweli.

Bibi mmoja mkulima wa viazi, wa upande wa Isongole, nilipomuuliza hivyo alicheka. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi, goti likipona utafanya nini?" "Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kushuka shambani na kupanda bila kushikwa mkono. Nataka kusimama na kwaya mpaka wimbo uishe. Na chooni," akashusha sauti, "nataka niende mwenyewe." Mambo hayo matatu yalituongoza kuliko eksirei yake yote. Tutarudi kwake.

Hatua ya 3: Uchunguzi kwanza, picha baadaye

Daktari mzuri wa mifupa atakushika kabla hajaitazama bahasha. Atakutazama ukitembea, atazungusha nyonga, atakunja goti. Usione ajabu umekuja na goti akashughulika na nyonga: nyonga mbovu hutuma maumivu mpaka gotini, na nimeona mtu amechomwa sindano za goti mwaka mzima ilhali tatizo liko juu. Kama hujaguswa na tayari umepewa tarehe ya oparesheni, tafuta daktari wa pili. Huo si utovu wa adabu.

Eksirei ya goti lililochakaa ipigwe ukiwa umesimama. Ukilala mezani, nafasi kati ya mifupa huonekana nzuri kuliko ilivyo unapobeba uzito wako. Liombe hilo kwa upole. Mara nyingi linasahaulika.

MRI ya mgongo ndiyo inayotisha watu zaidi. Ripoti inakuja imejaa maneno: diski, yaani mto laini kati ya pingili, imetokeza, imekauka, pingili zimesagika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yaliangalia picha za watu *wasioumwa kabisa*. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyotokeza ilionekana kwa asilimia 30 ya wale vijana na asilimia 84 ya wale wazee. Ni mvi za ndani hizo. Picha inakuwa na maana pale inapokubaliana na mwili: maumivu yanashuka mguu wa kushoto, ganzi iko mahali fulani pa unyayo, na diski imeibana neva ile ile ya upande ule ule. Visipokubaliana, usimpe mtu ruhusa ya kupasua picha.

Hatua ya 4: Miezi mitatu ya kazi, na si ya kusubiri

Hapa nina ugomvi na wenzangu. Mgonjwa anaambiwa "kafanye mazoezi" kama anavyoambiwa "nenda salama". Hakuna aliyemwonyesha, hakuna aliyemhesabia. Baada ya miezi miwili anarudi: "Mazoezi nilifanya, yamegoma." Ukimuuliza yapi, anazungusha mikono.

Mazoezi ni dozi. Kwa goti na nyonga anza hivi: kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika kitu, kaa polepole ukihesabu mpaka tatu. Mara 10, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu za wiki. Ikiwa rahisi, tumia kiti kifupi zaidi au beba dumu lenye maji lita tatu. La pili: kaa, nyoosha mguu mpaka goti linyooke kabisa, shikilia sekunde tano. La tatu: simama kwenye ngazi moja, panda na ushuke kwa mguu mbovu. Kwa mgongo: kutembea kila siku ukiongeza dakika mbili mbili, kuinua makalio ukiwa umelala chali, na kuukunja na kuunyoosha mgongo bila woga. Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi, kisha yakatulia kabla ya siku ya pili, uko salama. Yakibaki juu mpaka kesho yake, punguza idadi lakini usiache. Mpe mwili wiki 12 kabla ya kuhukumu.

Uzito nao. Kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Kwa mtu anayepanda na kushuka vilima vya Uporoto kila siku, piga hesabu mwenyewe. Kwa kazi za shamba: ongeza mpini wa jembe ili usiiname mpaka chini, gawa gunia la viazi mara mbili, beba mgongoni karibu na mwili, badilisha kazi kila nusu saa.

Na mkanda wa mgongo unaouzwa kila kona ya mji? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama matibabu ya kawaida, pamoja na mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya morfini. Unachounga mkono ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia na dawa za kutuliza uvimbe. Hilo la kisaikolojia watu hulisikia vibaya, kama vile wameambiwa wanajifanya. Sivyo. Mtu asiyelala, mwenye deni na hofu ya kupooza, neva zake zinapokea kila kitu kwa sauti kubwa.

Hatua ya 5: Dawa, kwa kifupi

Paracetamoli: vidonge vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku, na vipungue kama ini lina shida au unakunywa pombe. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia, lakini huzaa vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Usizichanganye mbili za aina hiyo, na mzee asizinywe kila siku bila kupimwa. Goti likiwa ndilo tatizo, jeli ya kupaka ya diklofenaki ni salama zaidi kuliko kidonge. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku huandikwa kwa maumivu ya neva, ila huwapa wazee kizunguzungu. Tramadoli isiwe rafiki wa kila siku.

Jihadhari na unga wa mitishamba unaomaliza maumivu yote ndani ya siku mbili, sura ikaanza kuvimba kama mwezi. Mara nyingi ndani yake mna dawa ya aina ya deksamethasoni. Usiiache ghafla, mwambie daktari, maana mwili unaweza kuzimia ukiikosa.

Sindano ya steroidi gotini inatuliza kwa wiki kadhaa. Utafiti wa Marekani wa 2017, wagonjwa 140, ulichoma kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili: gegedu ikaisha zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kama unafikiria kubadilisha goti, sindano ya mwisho iwe imepita miezi mitatu, kwa sababu ya hatari ya usaha.

Hatua ya 6: Oparesheni inatengeneza nini hasa?

Hapa ndipo penye kiini. Oparesheni hurekebisha kitu cha kimwili: mfupa uliokufa, neva iliyobanwa, kiungo kilichoisha. Haipasui "maumivu".

Nyonga bandia ni miongoni mwa oparesheni bora kabisa za mifupa. Goti bandia linafuata, lakini si sawa. Kati ya watu kumi waliobadilishwa goti, wawili hivi hubaki na maumivu ya kuwasumbua. Kwa ubora wa kipandikizi, takwimu za 2019 zilionyesha magoti 82 kati ya 100 na nyonga 58 kati ya 100 zikidumu miaka 25. Ndiyo maana kijana husukumwa kusubiri na mzee haambiwi asubiri sana. Kuna jaribio la Denmark la 2015, watu 100 waliostahili goti bandia: nusu walibadilishwa na kufanya mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, lishe, elimu na dawa. Baada ya mwaka, asilimia 85 ya waliopasuliwa walipata nafuu ya maana, na asilimia 67 ya wasiopasuliwa nao pia. Kisu kilishinda, lakini kilileta madhara makubwa mengi zaidi, na robo tatu hivi ya wale wengine hawakukihitaji mwaka huo. Mimi jaribio hilo nalisoma hivi: aliyefanya mazoezi kwa kweli akabaki hawezi kutembea mpaka sokoni, aende bila hatia. Aliyekuwa hajayafanya, bado ana karata mkononi.

Kuingiza kamera na "kusafisha" goti lililochakaa, sema hapana. Mwaka 2002 madaktari wa Houston waliwachana wengine ngozi tu bila kufanya lolote ndani; waliosafishwa hawakuwazidi. Wafini wakarudia 2013 kwa meniskasi, kile kipande cha gegedu kilicho katikati ya goti kama mto, iliyochanika kwa uchakavu, jibu likawa lile lile. Goti la kijana lililojifunga baada ya ajali ya mpira ni habari nyingine.

Diski iliyobana neva ya mguu: jaribio la Uholanzi la 2007, wagonjwa 283. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini baada ya mwaka makundi yote mawili, asilimia 95 walikuwa wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo unanunua muda. Mwenye unyayo unaozidi kulegea asisubiri. Mfereji wa mgongo uliofinyika, wa mzee anayetembea hatua 100 akakaa, kisha akainuka akatembea tena, nao hunufaika na oparesheni akichaguliwa vizuri. Lakini kuunganisha pingili kwa vyuma kwa sababu tu kiuno kinauma, bila neva kubanwa wala pingili kuteleza? Hapo mimi ningeuliza mara tatu.

Hatua ya 7: Pima nyumba unayorudi

Hili vitabu vya Ulaya havilisemi. Goti bandia hukunja vizuri mpaka nyuzi 110 au 120. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Nyonga bandia iliyoingizwa kwa nyuma, wiki za kwanza haitakiwi kukunjwa kupita nyuzi 90, la sivyo inaweza kuchomoka. Sasa tazama maisha: choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni, jiko la mafiga, kitanda kifupi, njia ya utelezi kipindi cha mvua, ambazo Rungwe hazina mzaha.

Andaa kabla, usiandae baadaye. Kiti cha choo cha mbao au cha matofali na saruji, kiwe juu kidogo ya goti, na mti wa kushika ukutani. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Kiti chenye mikono. Jiko lipandishwe mezani. Kama nyumba iko mbali na fiziotherapia, panga wiki sita za kwanza ukae kwa ndugu wa karibu na hospitali, na jambo hilo lisemwe kwenye kikao cha familia kwa jina la mtu: nani atapika, nani ataangalia ng'ombe. Oparesheni ikiangukia msimu wa kupanda, mgonjwa atashuka shambani wiki ya nne. Ninawajua. Isogezeni.

Hatua ya 8: Maswali ya kumuuliza daktari

Andika kwenye daftari lile lile, na mpeleke mtu mmoja wa familia asiyeogopa kuongea:

1. Unatengeneza kitu gani, na dalili zangu zinakubaliana nacho?
2. Katika mambo matatu niliyoandika, yapi yatarudi na yapi hayatarudi?
3. Nisipofanya chochote mwaka huu, nitaharibikiwa au nitaumwa tu?
4. Oparesheni hii inafanyika hapa mara ngapi, au ni bora nipewe rufaa?
5. Ikienda vibaya, nani ataitengeneza?

La tatu ndilo linalofungua mengi. Na kuhusu rufaa: kesi nyingi za Nyanda za Juu Kusini huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ngumu zaidi huelekea MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa 1996. Safari ya Dar ni ndefu kwa mtu wa nyonga. Shuka kila kituo, tembea, kunywa maji.

Hatua ya 9: Mwili na mfuko

Sukari ishuke kwanza. Wapasuaji wengi hutaka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kiwe chini ya asilimia 8. Sigara iachwe wiki nne kabla. Damu iongezwe kama ni pungufu, meno yaliyooza yang'olewe, kidonda chochote mguuni kipone. Mwenye VVU anayetumia dawa na virusi vimefubaa hana sababu ya kunyimwa oparesheni. Akikataliwa kwa kigezo hicho peke yake, aulize kwa nini.

Bima: usiulize "mnalipia oparesheni?" Uliza kama kipandikizi chenyewe kimo, kibali kinaombwa wapi na huchukua siku ngapi. Familia nyingi huuza ng'ombe kwa ajili ya oparesheni, halafu hazibakishi nauli ya kurudi kliniki. Tenga ya mazoezi kwanza.

Hatua ya 10: Ukishatoka

Utasimama siku ile ile au kesho yake. Usimhurumie mgonjwa mpaka akalala wiki. Damu huganda mguuni, na ikipanda kifuani inaua. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, rudi hospitali. Kidonda kikitoa maji baada ya wiki, au homa ikaja, rudi, usinunue antibiotiki dukani. Goti lisipofika nyuzi 90 mpaka wiki ya sita, sema mapema.

Yule bibi wa Isongole alifanya mazoezi miezi minne, sio mitatu. Kwaya ikarudi. Kilima kikagoma, na chooni akaendelea kushikwa mkono. Tulimweleza wazi kwamba goti bandia litampa kilima, ila kuchuchumaa halitampa. Akaondoka bila kusema kitu, nikajua ameghairi. Wiki tatu baadaye aliingia na mjukuu wake wa kiume, na badala ya fimbo ya kutembelea ameshika kijiti kilichokatwa sawasawa pande zote mbili.

"Urefu wa choo ndio huu," akasema, akakisimamisha kando ya goti. "Saruji imeshakauka. Nipangieni tarehe."